Pete ya Waya Mmoja

Ndugu zangu wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri, nanyi wa vijiji vya delta, mto wetu Rufiji umezaa umeme mwingi. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, na wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Pikipiki na bajaji za betri zimeshaanza kuonekana Dar es Salaam, na Barabara ya Kilwa haiko mbali. Kwa hiyo naomba tuongee kuhusu chaja kabla hazijajaa kwenye kuta zetu.

Anayenunua gari la umeme huuziwa chaja ya ukutani. Ile ya ampea 32, kwa volti 230, inakula karibu kilowati 7.4. Ni kama kuwasha pasi saba za wati 1,000 kwa pamoja, na kuziacha usiku kucha. Nyumba ya fezi moja yenye jokofu, pampu ya maji na jiko la umeme huenda isiweze kubeba yote hayo kwa pamoja. Ndiyo maana chaja nyingi huja na kihisi cha mkondo, pete ndogo inayofungwa kuzunguka waya mkuu. Pete inasoma nyumba inatumia kiasi gani, na chaja inapunguza mwendo mama mwenye nyumba anapowasha jiko.

Ila pete hiyo inazunguka waya mmoja tu, ule wa moto. Fundi asiyejua huipitisha kwenye waya wa moto na nyutro kwa pamoja, kwa kuwa ndivyo nyaya zilivyokaa na inaonekana nadhifu. Mkondo unaokwenda na ule unaorudi hufutana, pete inasoma sifuri, na chaja inadhani nyumba imelala. Inavuta kila inachoweza. Siku ya kufungwa huoni kitu. Waya uliofichwa ukutani ndio unaochemka, mwezi baada ya mwezi. Mwenye sola naye aangalie mshale uliochorwa kwenye pete: ukigeuzwa, umeme unaotumika unasomeka kama unaozalishwa.

La pili ni la kutisha zaidi. Kuna pete ambazo nyaya zake ndogo zikichomoka huku waya mkuu una mkondo, volti hupanda kwenye ncha hizo hadi kuua. Umeme uzimwe kwanza, upimwe kuhakikisha umezimika, ncha zifungwe kwenye chaja, ndipo uwashwe. Na lakiri ya mita ya LUKU isiguswe. Pete inakaa upande wa nyumba, baada ya swichi kuu.

Huku kwetu kuna mambo ambayo kitabu cha chaja hakiyasemi. Upepo wa bahari kule Nyamisati una chumvi, na chumvi inakula skrubu za shaba. Kiungo kilichokazwa vizuri mwaka huu huenda mwakani kimelegea na kinapata moto. Kikaguliwe. Waya wa ardhi uwepo kweli, ukiwa na kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Halafu maji: mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia majumbani Rufiji na Kibiti. Mwoneshe fundi alama ya maji ukutani mwako. Chaja, soketi na sanduku la breka vikae juu yake.

Vijana wa bodaboda, chaja ya pikipiki haihitaji pete, lakini inahitaji soketi nzima ya ukutani. Betri tatu kwenye ekstensheni moja iliyokunjwa chini ya kitanda ni hatari kwa nyumba nzima. Chajini mahali penye hewa, mbali na mlango mnaotokea.

Mafundi wa umeme hupewa leseni na EWURA. Mwombe fundi wako akuoneshe yake. Fundi mzuri hachukii kuulizwa. Akimaliza, usimlipe kwanza. Mwambie awashe pasi ya wati 1,000 huku nawe unatazama namba ya matumizi ya nyumba kwenye chaja. Ipande kwa ampea 4 na kidogo, na pasi ikizimwa ishuke. Isiposogea, mwombe afungue upya, hata kama jua limekuchwa.