Ugumu wa Kijapani Ulipimwa kwa Mdomo wa Nani?

Mwanafunzi akitaja kwamba amejiandikisha kusoma Kijapani chuo kikuu, jibu la kwanza analopata ni, "Utakiweza wewe? Hiyo ndiyo lugha ngumu kuliko zote duniani." Mimi niliambiwa hivyo na binamu zangu, nikaambiwa na mhadhiri wa somo jingine, nikaambiwa na mwenzangu wa bwenini ambaye hajawahi kusikia hata sentensi moja ya Kijapani. Wote waliongea kwa uhakika uleule. Siku ya kwanza niliingia darasani nikiwa nimekwisha kata tamaa nusu.

Hukumu hii ina chanzo. Taasisi inayowafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani huzipanga lugha za kigeni kwa muda unaohitajika kuzimudu. Kijapani kiko kundi la mwisho: wiki 88, saa 2,200 za darasani. Watu huitaja orodha hiyo bila kutaja kwamba muda huo ni wa mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiingereza. Orodha hiyohiyo inakipa Kiswahili wiki 36, saa 900. Sasa kamuulize Mnyarwanda anayeuza nguo Kariakoo alikaa darasani saa ngapi. Alikiokota palepale sokoni, kwa sababu lugha ya mama yake ilishampa ngeli, viambishi na nusu ya sarufi. Wakorea nao hukipata Kijapani kwa wepesi ambao Mmarekani hauoni, maana sentensi zao zinapangwa kwa namna inayokaribiana sana. Kama kipimo kinabadilika hivyo kila anapobadilika mpimwa, kwa nini sisi tumekubali kuvishwa kipimo cha mwingine?

Tuanze na mdomo. Irabu za Kijapani ni tano: a, i, u, e, o. Ni zetu hizihizi, ila u yao haibinui midomo kama yetu. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Ny ya "nyumba" wanayo, ch ya "chai" wanayo. Tsu itakusumbua wiki moja. Mwanafunzi anayeongea Kiingereza huhangaika na tofauti ya obasan, yaani shangazi, na obaasan, yaani bibi. Sikio lake halikuzoea kusikia kurefuka kwa irabu kukigeuza maana. Sisi tangu utotoni tunajua kwamba kufa si kufaa.

Halafu kuna n inayosimama peke yake. Neno Nippon, jina la nchi yao, lina mapigo manne: ni-p-po-n. Mwalimu wetu alipiga meza mara nne, akarudia, akatuangalia kwa wasiwasi kana kwamba anatarajia tubishe. Nyuma ya darasa kulikuwa na kijana aliyekulia Tanga kwenye nyumba ya watunga mashairi. Akasema taratibu, "Ni mizani, mwalimu." Kweli ni mizani. Katika shairi la Kiswahili, "mtu" ni mizani mbili, m-tu, na "nchi" ni mizani mbili, n-chi. Haiku, shairi fupi la Kijapani, huhesabiwa 5, 7, 5 kwa namna hiyohiyo, na ile n ya mwisho inapewa nafasi yake kamili. Kitabu chetu kililieleza jambo hili kwa aya ndefu za Kiingereza, na yule kijana alikuwa nalo kichwani kabla hajajua kusoma.

Kwenye kitenzi ndipo nilipokasirika kabisa. Chukua tabesaserareta. Tabe ni kula, sase ni kufanyiza, rare ni kutendwa, ta ni wakati uliopita. Maana yake: nililishwa, tena kwa kulazimishwa. Kiingereza kinahitaji maneno manne au matano kulisema, na kitabu kikaliita umbo la kutisha linalofaa kuahirishwa hadi muhula wa mbele. Lakini tazama nililishwa: ni-li-l-ish-w-a. Mzizi, usababishi, utendwa, kwa mpangilio uleule. Tofauti kubwa ni kwamba wakati sisi tunauweka mbele na wao wanauweka nyuma. Mtoto wa darasa la pili analisema neno hilo akimshtaki dada yake.

Vivyo hivyo kwa kuhesabu. Wajapani hawahesabu watu kama wanavyohesabu penseli, wala penseli kama karatasi. Vitu virefu huchukua hon, bapa huchukua mai, vitabu satsu, watu nin. Sauti nazo hugeuka: ippon, nihon, sanbon. Huo si mfumo wa ngeli kama wetu, lakini anayesema mtoto mmoja, kitabu kimoja, na anayejua kwamba ulimi ukizidi unakuwa ndimi, haoni ajabu nambari kubadilika kwa kufuata kinachohesabiwa.

Nilipokaa muhula mmoja Osaka, jioni wenzangu wa maabara walipoondoka walikuwa wakiambiana otsukaresama. Mwanafunzi kutoka Kanada alikuwa na daftari lenye tafsiri sita za neno hilo na hakuridhika na hata moja. Mimi nilikuwa na moja: pole na kazi. Na kabla ya kuvuka kizingiti cha mtu wanasema ojama shimasu, pale ambapo sisi tungepiga hodi.

Sisemi kila kitu ni mteremko. Kanji, maandishi yao yenye asili ya China, ni mlima. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina kanji 2,136, na watoto wa Japani wenyewe hufundishwa 1,026 katika miaka 6 ya shule ya msingi. Herufi moja husomwa kwa njia mbili au zaidi: maji ni mizu yakiwa peke yake, lakini ni sui ndani ya suiyōbi, Jumatano. Sababu ni kwamba Wajapani walichukua maandishi kutoka China pamoja na maneno yake, wakabaki na ya kwao pia. Ndiyo maana wana nambari za aina mbili, hitotsu na ichi, kama sisi tulivyobaki na tano na kumi za Kibantu huku tukichukua sita, saba na tisa kwa Waarabu. Kulijua hili hakupunguzi daftari za kuandika. Nilijaza kumi na nne mwaka wa kwanza, na bado nilisahau. Sentensi nazo zinapinduka: "kitabu nilichonunua jana" kwao huanza na mimi na jana, na kitabu kinakuja mwisho kabisa.

Ila mlima huo unapandwa kwa saa za kukaa. Mmarekani Donald Keene aliingia shule ya lugha ya jeshi la majini la Marekani mwaka 1942 akiwa na Kijapani kidogo tu. Baada ya takriban mwaka mmoja wa kusoma kutwa alikuwa anafasiri nyaraka za vita. Mwaka 2012 akawa raia wa Japani.

Chuo Kikuu cha Osaka kina vijana wa Kijapani wanaosoma Kiswahili kama fani yao. Vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa Kijapani wanavyo, navyo vinaanzia kwenye lugha ya msomaji. Sisi tunakisoma Kijapani kupitia Kiingereza, na tunabeba hofu za Mwingereza pamoja na maelezo yake. Wahitimu wetu wa somo la Kijapani sasa wapo Nairobi na Dar es Salaam. Waandike kitabu ambacho sura yake ya kwanza inaweka nililishwa na tabesaserareta ukurasa mmoja, na sura ya pili inafundisha kuhesabu mizani.