Gunia la Mtoto Litengwe Kabla ya Kuuza

Mwezi wa sita hapa Katavi, mpunga unapoingia mjini kutoka Kakese na Mwamkulu, mashine za kukoboa hazipumziki na pesa inaonekana mikononi mwa watu. Mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa, na pesa ile haipo tena. Hapo simu zinaanza. "Mtoto hana viatu." "Nitoe wapi? Subiri nivune." Mama anapandwa na hasira, na Jumamosi ambayo mtoto alikuwa aende kwa baba yake anaambiwa haendi. Baba naye anaapa: kama simwoni, sitoi. Mtoto wa darasa la tatu amekaa kizingitini, begi la shule lenye nguo zake za kubadilisha liko mapajani, anawasikia wote wawili kwenye spika ya simu.

Ndugu zangu wa Makanyagio, begi lile nimeliona zaidi ya mara moja, na ndilo lililonifanya niandike.

Ninachoomba ni kimoja: tuache kuuziana mtoto. Hela ya matumizi si kiingilio cha kumwona mtoto, na kumwona mtoto si risiti ya hela. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuyafunga mambo hayo mawili pamoja. Kifungu cha 8 kinamdai mzazi chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, hata nafasi ya kucheza. Kifungu cha 26 kinasema wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango kile alichokizoea, na ana haki ya kumtembelea mzazi wa upande wa pili na kukaa naye. Haki zote hizo ni za mtoto. Mama anayefunga mlango kwa sababu baba hatoi, na baba anayefunga mfuko kwa sababu kafungiwa mlango, wote wawili wanamnyang'anya mtoto kilicho chake. (Penye kipigo au hatari kwa mtoto ni habari nyingine kabisa. Hapo msisuluhishane uani. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi.)

Wapo wanaojitetea kwamba hawakufunga ndoa. Kaka zangu, utetezi huo ulizikwa. Zamani mtoto wa nje ya ndoa alikadiriwa shilingi 100 kwa mwezi, na sheria iliyoweka kiwango hicho ilifutwa na hii ya 2009. Kwetu Katavi jambo hili lina uzito wake. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani hapa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango kilichoizidi mikoa yote. Binti wa miaka 17 aliyerudi kwa mama yake na kichanga hana cheti cha ndoa cha kumwonyesha mtu. Ana mtoto, na mtoto huyo ana baba.

Sasa nizungumze na wakulima, wachimbaji na vijana wa bodaboda, maana nadhani tunakosea mahali pamoja. Makubaliano yetu tunayaandika kama mshahara: elfu hamsini kila tarehe moja. Mkulima hana tarehe moja. Mwezi wa tatu anashindwa, anaona aibu, anazima simu, na kuanzia hapo anaitwa mtelekezaji. Mahakama yenyewe haimpimi kila mtu kwa kibaba kimoja: kifungu cha 44 kinaitaka iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea anayedaiwa, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Basi nasi tukubaliane kwa namna tunavyopata. Magunia mawili ya mpunga yatengwe mashineni kabla ya kuuza, moja la kula na moja la sare na daftari za Januari. Wa bodaboda atoe kidogo kila wiki, kwa simu, ili muamala ubaki kuwa ushahidi. Kila kitu kiandikwe kwenye daftari mbili, mjumbe asaini, na siku za mtoto kwenda kwa mzazi mwenza ziandikwe ukurasa huohuo.

Dada zangu, katika daftari hiyo andikeni na mnachotoa ninyi. Kupika, kufua, kukesha na mwenye homa, vyote hivyo ni matunzo. Nanyi mabibi na mashangazi, nawasihi kwa heshima: msimwambie mtoto kwamba baba yake kamtupa, wala kwamba mama yake kamuuza. Atayabeba maneno hayo hata siku wazazi wake watakapokuwa wamekwishapatana.

Wenyeviti wa mitaa, mwanamume akija kulalamika kwamba hamwoni mwanawe, msimcheke. Mwanamke akija mara ya tatu kudai matumizi, msimwambie akavumilie. Mkishindwa, wapelekeni Ustawi wa Jamii pale Manispaa, na ikibidi Mahakama ya Watoto. Msiogope lugha: tangu 2021 sheria imeifanya lugha ya mahakama kuwa Kiswahili. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ya kumsaidia. Na mtoto mwenyewe, au jirani anayemwona anateseka, anaweza kupiga 116 bila kulipa.

Mavuno yakiingia, nenda mashineni mapema. Kabla dalali hajaanza kupima, vuta gunia moja pembeni, chukua kipande cha mkaa, uandike juu yake jina la mwanao.