Rangi Haipimwi kwa Macho Matupu

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Sikatai. Lakini kazi yangu ya miaka mingi ya kupiga picha na kuchapisha hapa Sotik imenifunza kwamba macho, ingawa hayana pazia, yana udanganyifu wake, na kwamba anayeyategemea hayo peke yake katika kazi ya rangi hana budi kuaibika siku moja.

Mimi niliaibika. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja mzee kutoka upande wa Kaplong, akiwa amefiwa na mumewe. Alikuwa na picha moja tu nzuri ya marehemu, iliyopigwa siku ya harusi ya binti yao, naye aliniomba nimtengenezee kijitabu cha mazishi chenye picha hiyo kwenye jalada. Niliipitisha picha katika skana, nikaitazama kwenye kioo cha kompyuta, nikaona imependeza, nikachapisha nakala 300 usiku ule ule. Asubuhi mama yule alikishika kijitabu, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu si baba yao. Baba yao hakuwa na uso wa majivu."

Sikuwa na la kumjibu ila, "Nisamehe, kogo," kama tunavyowaita nyanya zetu huku kwetu. Nakala zilikuwa zimekwisha kuchapwa na jeneza lilikuwa njiani kutoka mochari. Mzee yule alizikwa huku waombolezaji wameshika mikononi uso usiokuwa wake.

Kwa muda mrefu niliilaumu mashine. Nikalaumu wino, nikalaumu karatasi, nikamlaumu hata aliyeniuzia vitu hivyo. Kumbe kosa lilikuwa langu, nalo lilikuwa kosa la kutojua. Nasema haya hadharani kwa sababu najua kwamba wengi wenzangu wa kazi hii, kutoka Sotik hadi Litein na Kapkatet, hulifanya kosa hilo hilo kila wiki, nao hawajui kwamba lina dawa.

La kustaajabisha ni kwamba sisi wa nchi ya majani chai ndio tuliostahili kulijua jambo hili kabla ya wengine. Kila mkulima hapa anafahamu kwamba chai yake haiuzwi kwa maneno. Waonjaji huitazama rangi yake pamoja na kuionja. Je, huitazama ovyo ovyo, huyu katika kikombe cha bati na yule katika bilauri? La, hasha. Iko kanuni ya kimataifa ya kuandaa chai ya kulinganishwa, ISO 3103, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1980. Inaagiza gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, iachwe kwa dakika 6, katika chombo cheupe cha kauri. Kipimo ni kimoja, chombo ni kimoja na muda ni mmoja. Ndipo chai ya Sotik inapoweza kulinganishwa kwa haki na ya Nandi au ya Rwanda.

Iweje basi chai ipewe heshima hiyo, na uso wa binadamu unyimwe?

Naomba msomaji anivumilie nieleze kiini cha tatizo, maana si gumu kama linavyodhaniwa. Kioo cha kompyuta, na hata cha simu, hutengeneza rangi kwa mwanga wa aina tatu: nyekundu, kijani na buluu. Mwanga huo ukichanganyika wote kwa nguvu, tunaona weupe. Matbaa hufanya kinyume. Huanza na karatasi ambayo tayari ni nyeupe, kisha huipunguzia mwanga kwa kuipaka wino wa samawati, wa majenta, wa manjano na mweusi. Mmoja anajenga kwa kuongeza, mwingine anajenga kwa kupunguza. Zaidi ya hayo, ziko rangi ambazo kioo huweza kuzionyesha lakini wino hauwezi kuzifikia kabisa. Kile kijani kikali kinachong'aa katika picha ya shamba la chai iliyotiwa chumvi na simu hakiwezi kuonekana hivyo kwenye kalenda, hata mchapaji awe fundi namna gani.

Tena mashine mbili za aina moja hazifanani. Kompyuta yangu ikiambiwa itoe nyekundu ya kiasi fulani hutoa yake, na ya jirani yangu ikiambiwa kiasi hicho hicho hutoa nyingine. Ni kama watu wawili wanaohesabu debe kwa debe ilhali madebe yao hayalingani. Hesabu itakuwa sawa, lakini mahindi hayatakuwa sawa.

Ulimwengu uliligundua tatizo hili zamani. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza ilikubaliana juu ya namna ya kuandika kwa tarakimu rangi inayoonwa na jicho la kawaida la binadamu. Ilitegemea majaribio ya wataalamu wawili wa Uingereza, Wright na Guild, waliowapima watazamaji 17 tu kwa jumla. Kisha mwaka 1993 kampuni 8, zikiwemo Apple, Adobe, Kodak na Microsoft, ziliunda muungano ujulikanao kwa ufupi kama ICC, ili kila mashine iweze kubeba cheti cha kueleza tabia yake. Cheti hicho huitwa profaili. Ni faili ndogo inayosema, kwa mfano, kwamba mashine hii ikiambiwa nyekundu huelekea rangi ya chungwa, au kwamba karatasi hii hunywa wino kupita kiasi. Programu huzisoma profaili mbili, ya kioo na ya printa, kisha hutafsiri baina yao kama mkalimani mwaminifu. Kazi yote hiyo ndiyo iitwayo usimamizi wa rangi.

Nilipoanza kujifunza niligundua kwamba kioo changu nilikuwa nimekiacha na mwanga mkali mno, tena wenye kuelekea buluu, kama kilivyotoka dukani. Kwa hiyo kila picha niliyoiona ina mwanga wa kutosha ilitoka nyeusi kwenye karatasi. Taa ya chumba ilikuwa na rangi yake, na kuta zangu nilikuwa nimezipaka kijani cha matangazo, ambacho kilirudisha ukijani wake juu ya kila kitu nilichokishika. Nilikuwa ninahukumu rangi ndani ya chumba ambacho chenyewe kilikuwa shahidi wa uongo.

Dawa yake ni hatua chache. Kwanza, kioo kipimwe kwa chombo maalumu kinachowekwa juu yake, baada ya kompyuta kuwashwa kwa nusu saa ili itulie, na kipimo hicho kirudiwe kila mwezi. Pili, chumba cha kazi kipakwe rangi ya kijivu au nyeupe, na karatasi zitazamwe chini ya taa ya Kelvin 5000, ambayo ndiyo iliyokubaliwa na wachapaji duniani. Mzazi aliyewahi kununua sweta ya shule chini ya taa ya duka, akatoka nayo juani akaona si rangi aliyoichagua, anaelewa vyema ninachosema. Tatu, kila aina ya karatasi ipewe profaili yake. Karatasi nzito inayong'aa huubeba wino juu, lakini karatasi ya gazeti kama hili hunywa wino hata nukta zikavimba, na ndiyo maana jumla ya wino wake hupunguzwa hadi takriban asilimia 240, ilhali karatasi nzuri huweza kubeba 300 na zaidi. Nne, kabla ya kuchapisha nakala 300, ichapishwe moja, mwenye kazi aione, aikubali na aitie sahihi.

Hatua hiyo ya nne haigharimu kitu. Laiti ningaliifuata usiku ule, mama yule asingaliaibika mbele ya wageni wake.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Rangi ya ngozi yetu ndiyo inayoumia kwanza mahali ambapo rangi haisimamiwi. Wino wa samawati ukizidi kidogo tu, uso wa mtu mweusi huwa wa majivu. Majenta ikizidi, huwa mwekundu kama tofali. Mweusi ukizidi, macho na tabasamu hupotea gizani. Wala si ajabu, kwa kuwa vyombo vya picha havikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miongo mingi Kodak ilisambaza katika maabara za picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley. Mtaalamu Lorna Roth wa Kanada ameeleza katika utafiti wake wa mwaka 2009 kwamba malalamiko yaliyosaidia kuifanya kampuni hiyo irekebishe filamu zake yalitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao rangi za bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri. Yaani meza na peremende zilisikilizwa kabla ya nyuso zetu.

Siku hizi hakuna wa kutuzuia tusijirekebishie wenyewe. Profaili ya printa yangu naitengeneza mimi. Kadi yangu ya kulinganishia ina nyuso za watu wa hapa hapa: mchuna chai aliyeunguzwa na jua, mtoto wa shule, na mzee mwenye mvi. Nikizipata nyuso hizo sawasawa, mengine hufuata.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa, kwamba mkulima anayesubiri bonasi hana haja ya tarakimu za rangi. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Ukisimama katika soko la Sotik utawaona vijana wengi wenye kompyuta na printa wakichapisha vitambulisho, kadi za harusi na mabango. Lakini kazi yenye fedha, kama vile kalenda ya shule, jarida la chama cha ushirika au pakiti za bidhaa, hupanda gari kwenda Nairobi. Nilipomuuliza mwalimu mkuu mmoja kwa nini, alinijibu bila kuuma maneno, "Rangi ya sare yetu ninyi hamjawahi kuipata." Alisema kweli. Fedha zile zilikwenda kwingine kwa sababu ya maarifa tuliyoyakosa, wala si kwa sababu ya ukosefu wa mashine.

Kuhusu gharama, chombo cha kupimia kioo hakifikii bei ya ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa, na watu kumi wanaweza kuchanga wakakimiliki pamoja, kwa kuwa hutumika mara moja kwa mwezi. Cha kupimia karatasi ni ghali zaidi, na hapo ndipo ushirika unapohitajika. Programu ziko za bure kabisa, kama vile Argyll ya kutengeneza profaili, GIMP ya picha na Scribus ya kupanga kurasa. Ng'ombe tunachanga kwa ajili ya harusi. Tutashindwaje kuchangia kazi inayotulisha?

Nawageukia sasa wenye madaraka. Katiba ya mwaka 2010 ilivikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa serikali za kaunti. Kaunti za Bomet na Kericho zinafundisha ushonaji, useremala, ufundi wa magari na kompyuta. Nafurahi. Lakini kijana anayefundishwa kompyuta hufundishwa kuandika barua na kupiga hesabu, kisha akahitimu bila kujua kwamba kioo anachokitazama kinamdanganya. Chumba kimoja chenye kuta za kijivu, taa sahihi, chombo kimoja cha kupimia na mwalimu mmoja aliyefunzwa vyatosha kuanzia. Mafunzo ya majuma machache yangempa kijana huyo ujuzi ambao mteja wa Nairobi angeulipia.

Kwenu wachapaji wenzangu, nawasihi tuache kiburi cha kusema "mimi nina jicho." Mwonjaji wa chai ana ulimi wenye uzoefu wa miaka mingi, na bado hupima majani yake kwa mizani na dakika zake kwa saa. Sisi ni nani hata tujione bora kuliko yeye? Na kwenu wateja, dai nakala ya kwanza kabla ya kulipa, uitoe nje ya duka, uitazame mchana peupe.

Mwaka uliofuata ule msiba nilimpelekea mama yule nyumbani kwake picha ya mumewe niliyoichapisha upya, katika fremu. Sikumwomba malipo. Aliichukua akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akainyoosha mkono mbali na macho yake, akanyamaza. Kisha akaniita niingie, akaniandalia chai.