Tuyapime Majengo ya Kale kwa Mikono Yetu

Tarehe 25 Desemba 2020 iliporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash. Picha za jumba hilo ni nyingi mno. Lakini picha haimwambii fundi unene wa ukuta, wala umbali wa nguzo na nguzo. Hayo huyapata katika mchoro wenye vipimo, na kwa maoni yangu kazi ya kuichora michoro hiyo yapasa ianze katika shule zetu za sekondari.

Vifaa ni futikamba, penseli na daftari lisilo na mistari. Mwanafunzi huchora chumba kwanza bila rula, kisha hujaza vipimo. Hapo ndipo jometri ya darasani ipatapo kazi. Akipima kuta nne tu, umbo la chumba halijajulikana bado, kwa kuwa pembenne yaweza kulala upande pasipo urefu wa kuta kubadilika. Hana budi kupima pia kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili; chumba hugeuka pembetatu mbili, na pembetatu haiyumbi. Tena, futikamba ilazwe tangu mwanzo wa ukuta, na milango na vidaka vyote visomwe kutoka hapo. Apimaye kipande kwa kipande, akikosea sentimita 1 kila mara, aweza kupotea sentimita 10 katika vipande 10.

Wapo wasemao kwamba siku hizi mitambo ya leza hupima jumba zima kwa muda mfupi. Ni kweli, wala siipingi. Lakini mtambo hauulizi sababu. Mwanafunzi apimaye magofu ya Songo Mnara, karibu na Kilwa Kisiwani, huona upesi kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba, na aghalabu upana hauzidi meta 3. Kwa nini? Atazame juu, ingawa dari haipo tena. Dari nzito ya matumbawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ndefu mno isingehimili uzito huo. Mkoko ndio uliopanga nyumba!

Kwa skeli ya 1:50, meta 3 huwa sentimita 6 karatasini. Pembeni yaandikwe tarehe, majina ya wapimaji na upande wa kaskazini. Mwalimu aombe kwanza ruhusa ya wasimamizi wa mambo ya kale, na asikubali mwanafunzi yeyote aegemeze ngazi kwenye ukuta wenye nyufa.