Usimcheke Anayekohoa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Leo nataka kutoa maoni yangu juu ya maradhi ambayo sisi wenyewe huwalazimisha wenzetu kuyaficha.

Hapa kwetu Kericho na Bomet baridi ya asubuhi haina mchezo. Ukungu ukitanda juu ya majani chai, bwenini hukosi mwenye kikohozi. Lakini akikohoa tu, wengine humcheka na wengine hujifunika blanketi ati atawaambukiza. Basi maskini huyo anajibana. Tabia hii ni mbaya, tena ni ya hatari.

Kikohozi ni mfagiaji wa kifua. Njia za hewa zina ute unaonasa vumbi na viini, na vinyweleo vidogo mno huusukuma ute huo juu kooni, usiku na mchana. Moshi wa kuni na wa sigara huvilemaza vinyweleo hivyo. Hapo kazi yote huachiwa kikohozi.

Mnataka ushahidi? Mwaka 1963 huko Mississippi, Marekani, Daktari James Hardy alimpandikiza mgonjwa pafu la mtu mwingine kwa mara ya kwanza duniani. Mgonjwa aliishi siku 18. Siku hizi wengi huishi miaka, ila wana taabu moja: pafu linapopandikizwa, mishipa yake ya fahamu huwa imekatwa. Makohozi yakijaa chini ya mshono, mwenyewe hana habari, na viini hustawi humo. Kwa hiyo hufundishwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa makusudi. Hebu fikirini! Mwenzetu anajifunza kwa jasho kitu ambacho sisi tumepewa bure na Mungu, halafu tunakibana kwa aibu.

Kuna jambo zito zaidi. Kikohozi kikipita wiki 2 huenda ni kifua kikuu, na huo hutambuliwa hasa kwa kupima makohozi. Aliyezoea kuona haya akipewa kikopo hospitalini hutema mate tu. Mate si makohozi! Makohozi hutoka kifuani. Ugonjwa usipoonekana, bweni zima liko hatarini. Ilhali dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali, na wengi hupona kwa miezi 6 wakizimeza bila kuruka hata siku moja.

Najua mtaniuliza, "Sasa tukoholewe usoni?" La hasha! Anayekohoa azibe mdomo kwa kitambaa au kiwiko, asiteme ovyo njiani, na madirisha ya bweni yafunguliwe hata kukiwa na baridi. Nanyi walimu wetu wapendwa, anayekohoa darasani msimhesabu kuwa mtundu.

Shime wenzangu! Ukimsikia jirani yako akikohoa usiku, usimcheke. Mwambie, "Pole ndugu, kesho twende kwa matroni." Neno hilo dogo laweza kuokoa maisha yake, na yako pia.