Acheni matete yasimame

Eti mkimbizi apande vitu vya miezi mitatu tu: mchicha, nyanya, kitunguu. Cha kukaa ardhini muda mrefu hapana, kwa sababu sisi tuko hapa kwa muda. Haya, tuuhesabu huo muda. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Aliyezaliwa hapa mwaka huo leo ni mtu mzima, na bado anaambiwa apande cha msimu mmoja.

Mimi natetea matete. Watanzania wanayaita mabingobingo, Wakenya wanasema nepia. Jina hilo ni la kanali mmoja wa Bulawayo aliyewahimiza wakubwa wa kilimo wa Rhodesia wayajaribu kwa malisho. Jina la kanali, sawa, lakini majani yenyewe ni ya Afrika, yalikuwepo kabla yake.

Kazi yake? Mizizi inashika udongo, mvua isiubebe mpaka mtaroni. Sungura na mbuzi wanakula. Ukikata yanachipua tena, mwaka baada ya mwaka, bila kungoja mradi ulete mbegu. Kenya magharibi, wataalamu wa ICIPE wamefundisha wakulima kuyapanda kuzunguka mahindi: nondo wa viwavi wanaotoboa mabua wanataga kwenye matete, na viwavi wengi wanafia humohumo.

Mtasema yanaficha nyoka. Kweli, yakiachwa. Yakishashika vizuri, yakatwe kila wiki sita hadi nane. Mtasema yanakula nafasi na mbolea. Kweli pia, ndiyo maana yanapandwa mpakani, mbali kidogo na tuta la mboga. Na mbegu hainunuliwi: kipande cha shina chenye macho matatu, mawili chini ya udongo, moja juu, basi.

Mtasema ardhi si yetu. Jamani, nani amedai hati? Siku serikali itakaporudishiwa eneo hili, afadhali ipokee udongo kuliko makorongo.

Ndugu zetu wa mashirika, safari hii hatuombi semina. Bwana shamba akija kukagua bustani, asiyang'oe matete akayaita magugu. Kwanza aulize. Wazee wetu wa Fizi na Uvira wanayajua toka utoto, watamweleza. Na anayerudi nyumbani kesho hajapoteza kitu: jirani atakayebaki ataendelea kukata.