Kraków: Kula Ushibe, Kunywa kwa Kiasi, na Mfuko Usitoboke

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vya Polandi huanza Oktoba 1, na wiki chache kabla ya hapo maswali huanza kumiminika kwenye safu hii. Mengi ni ya ada, chumba na visa. Swali la chakula huja mwisho kabisa, ingawa ndilo linalomchosha mgeni mapema zaidi. Wapo vijana wanaomaliza majira yao yote ya kwanza ya baridi kwa tambi za pakiti, wakila peke yao chumbani, kwa sababu wanadhani mkahawa ni wa watalii na menyu haisomeki. Mwili hudhoofika, na upweke huongezeka. Kwa hiyo leo twende Kraków, mji wenye wanafunzi wengi, tuone mtu mwenye pesa kidogo anakula wapi chakula cha wenyeji, na anayekunywa bia anapata wapi iliyo nzuri.

Baa isiyo na pombe

Maneno ya kwanza ya kujifunza ni *bar mleczny*, yaani baa ya maziwa. Jina lisikuchanganye, humo hakuna ulevi. Ni mgahawa wa kujihudumia, ndugu wa karibu wa mama lishe wetu. Wa kwanza ulifunguliwa Warsaw mwaka 1896, ukiuza vyakula vya maziwa, mayai na unga. Enzi za ukomunisti migahawa hii ilienea nchi nzima ili mfanyakazi apate mlo wa moto kwa bei ndogo, na mpaka leo serikali hutoa ruzuku kwa vyakula vyake visivyo na nyama. Ndiyo maana utamkuta profesa, bibi mstaafu na fundi wa ujenzi kwenye foleni moja.

Kraków ya kale ina Pod Temidą, mtaa wa Grodzka, katikati ya uwanja mkuu wa Rynek na ngome ya Wawel. Ukipanda tramu hadi Nowa Huta, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, kuna Centralny, na huko watalii ni wachache zaidi.

Utaratibu ni huu: soma ubao ukutani, agiza na ulipe kwa keshia, chukua risiti, ipeleke dirishani, subiri chakula kiitwe. Ukimaliza, rudisha vyombo mwenyewe. Keshia anaweza kuwa mkali na mwenye haraka. Usilichukue moyoni, ndivyo alivyo kwa kila mtu. Anza na neno *poproszę*, yaani "naomba", kisha onyesha kwa kidole ikibidi. Supu, sahani moja na kinywaji kwa kawaida vitakugharimu zloti 25 hadi 40. Migahawa mingine ya kawaida nayo huwa na *danie dnia*, mlo wa siku, saa za mchana siku za kazi, na mara nyingi huo ni nafuu kuliko kuagiza kutoka kwenye menyu.

Uagize nini

*Żurek* ni supu ya unga wa shayiri nyeusi uliochachushwa. Aliyekua akinywa uji mchachu ataitambua ladha hiyo mara moja. *Barszcz* ni supu nyekundu ya bitiruti. *Pierogi* ni vipande vya unga vilivyokunjwa kama sambusa ndogo, lakini huchemshwa. Za *ruskie* zina viazi na jibini, nyingine zina kabichi na uyoga, na za watoto zina matunda. *Placki ziemniaczane* ni chapati za viazi vilivyokunwa, na *naleśniki z serem* ni chapati laini za maji zenye jibini tamu, ambazo sijaona mtoto akizikataa. Kunywa *kompot*, maji ya matunda yaliyochemshwa.

Mwenye hamu ya supu ya utumbo aulize *flaki*. Huwa ni utumbo wa ng'ombe uliokatwa nyembamba na kutiwa viungo, na siku ya baridi kali supu hiyo hurudisha roho. Mkenya anayeikumbuka mutura atafute *kaszanka*, ingawa hii ni ya damu ya nguruwe na nafaka.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo familia nyingi zetu huuliza kwanza. Nguruwe yumo katika vyakula vingi vya Polandi, hata pale usipomtarajia. Żurek huwekwa soseji. Pierogi za viazi huletwa zimenyunyiziwa vipande vya mafuta yake vilivyokaangwa, viitwavyo *skwarki*. Maandazi ya *pączki* kwa desturi hukaangwa kwa mafuta hayohayo. Maneno ya kukariri ni *wieprzowina*, nyama ya nguruwe. *Smalec*, mafuta yake. Na *bez skwarek, proszę*, "bila skwarki, tafadhali". Kusema *bez mięsa*, bila nyama, hakutoshi, kwa kuwa kuna wapishi wasiohesabu mafuta wala mchuzi kuwa nyama. Uliza vyote viwili. Uzuri wa bar mleczny ni kwamba asili yake ni maziwa na unga, kwa hiyo asiyekula nguruwe anapata pa kuanzia.

Barabarani na sokoni

Kwenye vigari vya mitaani utaona mikate ya duara iliyosokotwa, yenye ufuta, chumvi au mbegu za mpopi. Hiyo ni *obwarzanek*, huchemshwa kidogo kabla ya kuokwa, na tangu 2010 jina lake limelindwa na Umoja wa Ulaya kuwa la Kraków na jirani zake. Ni kifungua kinywa cha mwanafunzi aliyechelewa darasani.

Usiku, nenda Plac Nowy katika mtaa wa Kazimierz. Katikati ya uwanja kuna jengo la duara lenye madirisha yanayouza *zapiekanka*: nusu ya mkate mrefu, uyoga na jibini juu, imeokwa, kisha ikamwagiwa tomato sosi. Moja ya kawaida hushibisha mtu mzima.

Kwa kupika nyumbani, soko la Stary Kleparz liko hatua chache kutoka mji wa kale: mboga, mayai, jibini na kabichi iliyochachushwa. Kumbuka tu kwamba Jumapili nyingi maduka makubwa hufungwa kwa sheria. Nunua Jumamosi, usije ukalala njaa.

Kwa wanaokunywa

Asiyekunywa aniruhusu aya chache, na ajue kwamba hata yeye hatakosa: bia zisizo na kilevi, zenye maandishi *bezalkoholowe* au 0,0%, zimejaa kila duka.

Chapa kubwa kama Żywiec, Tyskie na Okocim ni bia nyepesi za kawaida. Mambo yalibadilika mwaka 2011, kampuni ya Pinta ilipotoa Atak Chmielu, bia chungu yenye harufu nzito ya hopsi. Baada ya hapo viwanda vidogo vilichipuka kila upande. Ili kuzionja, tafuta baa inayojiita *multitap*, yenye mabomba mengi na ubao wa bia za siku. Kazimierz na mji wa kale zinazo kadhaa. Omba glasi ndogo kwanza.

Mbili ni za Polandi hasa. *Grodziskie* ni bia ya ngano iliyokaushwa kwa moshi wa mwaloni, nyepesi, ya kilevi kidogo. Kiwanda chake kilifungwa 1993 na kikafunguliwa tena 2015. *Porter bałtycki* ni nyeusi, nzito na tamu, na inataka heshima: Żywiec Porter ina asilimia 9.5. Kwenye lebo usichanganye namba mbili. Ile yenye alama ya digrii, kama 12°, ni uzito wa kimea kabla ya kuchacha. Kilevi ni ile iliyoandikwa *alk.*

Sheria nazo zina meno. Kunywa hadharani, mtaani au bustanini, kuna faini. Tangu Julai 2023 maduka ya Kraków hayauzi pombe kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukinywa, usiendeshe gari wala baiskeli. Na ukitembea usiku karibu na Rynek, mtu akikushika mkono akualike kwenye klabu yenye kinywaji cha bure, kataa na uendelee na safari. Kwenye baadhi ya milango hiyo, ada ya muhula mzima inaweza kuondoka kwenye kadi kwa usiku mmoja.

Meza na wenyeji

Neno la mwisho ni la watu. Wapolandi hawatabasamu ovyo kwa mgeni, na wengi wetu huona wametukataa. Lakini mwambie mzee unatoka Tanzania, na huenda akakutajia Tengeru. Kuanzia 1942, karibu na Arusha, walipokelewa maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia. Baadhi yao wamezikwa hukohuko Tengeru. Wengine walipata hifadhi Masindi na Koja, Uganda. Watu wa kwao waliwahi kula mezani kwetu.

Kwa hiyo mwanafunzi mpya, angalau mara moja kwa wiki ondoka chumbani, beba zloti zako chache, keti kwenye meza ya watu wengine. Kabla hujaanza kula, waambie *smacznego*. Ni karibu yao ya chakula, na watakujibu.